Raha ya Kushindwa kwa Haki

Hapana mchezo unaosemwa vibaya na watu wazima wa zama hizi kama mchezo wa kompyuta, na katika ukoo wa michezo hiyo hapana unaoshutumiwa kama ule wa mbio na mapambano unaochezwa ndani ya kivinjari. Michezo mingine hununuliwa, husimikwa katika mashine, na hutengewa wakati wake. Huu hauna adabu hiyo. Huingia kazini bila kubisha hodi: dirisha moja la kioo lina tasnifu iliyokwama sura ya tatu, na dirisha la pili lina mnyama anayekimbia. Mwalimu akipita nyuma ya mwanafunzi, dirisha la pili hufungwa upesi kuliko kope. Kitu kinachofichwa namna hii hudhaniwa kuwa hakina thamani, na kisicho na thamani hakichunguzwi. Basi watu wengi sana hukipenda pasipo mtu kuuliza wanapenda nini ndani yake.

Mfano ulio karibu na kila msomaji ni dinosaria wa Chrome. Alitiwa katika kivinjari hicho mwaka 2014, naye hutokea pale mtandao unapokatika, mtu alipotarajia ukurasa akapewa udhuru. Waundaji wake walifanya mzaha kuwa kukosa mtandao ni kurudishwa zama za kale. Mnyama ni wa rangi ya majivu. Jangwa lake halina kitu illa mipungate na, baadaye, viumbe wenye mabawa. Kitufe kirefu cha kibodi kikibonyezwa, mnyama huruka. Basi. Hakuna hadithi, hakuna muziki, hakuna adui mwenye jina. Mwendo huzidi kidogo kidogo mpaka jicho linauona mpungate na kidole kimekwisha kuchelewa. Katika Afrika ya Mashariki mnyama huyu si mgeni kwa mtu ye yote aliyewahi kungoja ukurasa usiokuja.

Raha yatoka wapi, basi, katika umaskini huo? Jibu linalotangulia midomoni ni ushindi. Si kweli. Mchezo wa dinosaria hauna ushindi; kila mbio huishia katika kugonga. Mtu aliyecheza mara 40 ameshindwa mara 40, na bado kidole kinabonyeza mara ya 41. Haina budi iwepo raha katika kushindwa kwenyewe, na raha hiyo ina masharti. Sharti la kwanza ni kwamba kosa lionekane. Mpungate ulikuwa pale, jicho liliuona, kidole kiliwahi mno au kilikawia. Hapana mwingine wa kulaumiwa. Sharti la pili ni kwamba adhabu iwe fupi: mtu hajamaliza kuguna, mbio zimeanza tena. Ni nadra sana kwa mambo hayo mawili kukutana duniani. Mwombaji wa kazi hunyimwa bila kuambiwa sababu. Makala hurudishwa baada ya mwaka mzima yakiwa na maelezo ya mistari 2. Mwanafunzi huanguka mtihani, akangoja mwaka ujao ili aurudie. Mchezo mdogo wa kivinjari humpa mtu hakimu anayeonekana, mwenye sheria ile ile kwa wote, asiyekula rushwa wala kuweka kinyongo.

Lakini haki peke yake haitoshi, maana hata sheria iliyo nyofu yaweza kuchosha. Canabalt, mchezo wa Mmarekani Adam Saltsman uliotolewa mwaka 2009, waonyesha kinachopungua. Nao ni wa kitufe kimoja: mtu aliyevaa suti hukimbia juu ya mapaa ya mji unaobomoka, na kazi ya mchezaji ni kumrusha kutoka paa hata paa. Kasi yake haiachi kuongezeka. Njiani mna masanduku, na mchezaji wa siku ya kwanza huyakwepa kwa kuwa humpunguzia mwendo. Siku ya pili hutambua kuwa kupunguziwa mwendo ndiko kunakomwokoa, akaanza kuyagonga kwa makusudi. Kipingamizi kimegeuka breki. Sheria haikubadilika hata chembe. Aliyebadilika ni mchezaji. Mwaka 2012 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliuingiza mchezo huo katika hazina yake pamoja na Pac-Man na Tetris. Yamkini wako waliouliza fremu yake iko wapi.

Wachezaji wakiwa wengi katika uwanja mmoja, haki hupata jaribio jingine: je, mkongwe atamwacha mgeni apumue? Agar.io, uliotungwa na Matheus Valadares wa Brazili mwaka 2015, ulijibu kwa njia ya uzito. Kila mchezaji ni tone. Tone kubwa humeza dogo, lakini kadiri linavyonenepa ndivyo mwendo wake unavyolegea. Slither.io, wa Steve Howse, uliotoka mwaka 2016, ulikwenda mbali zaidi. Humo kila mtu ni nyoka, na anayekufa ni yule ambaye kichwa chake kimegusa mwili wa mwenzake. Ukubwa si ngao. Joka lililokusanya chakula kwa saa nzima laweza kuuawa na kitoto kilichoingia uwanjani sasa hivi, kwa kukatiza tu mbele ya pua yake. Na mzoga wake ukawa karamu ya waliokuwa wakilikimbia. Waliolelewa kwa hadithi za sungura na fisi hawahitaji kufafanuliwa utamu wa jambo hilo.

Hata hivyo, hakimu mwadilifu akiketi mbali, hukumu huchelewa, na hukumu iliyochelewa katika mchezo wa namna hii ni dhuluma. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya Afrika ya Mashariki na ulimwengu yalitegemea zaidi setilaiti zilizo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka. Hata kwa mwendo wa mwanga safari hizo 4 hula karibu nusu ya sekunde. Katika nusu ya sekunde nyoka amekwisha kufa, na mchezaji aliyemgeuza kwa wakati haambiwi kosa lake kwa sababu hana kosa. Mkongo wa SEACOM, ulioanza kazi Julai 2009, ulipunguza sana ucheleweshaji huo, illa haukufuta umbali: seva ikiwa Ulaya, amri ya kidole kilichoko Dar es Salaam bado hupita chini ya bahari kwenda na kurudi. Michezo midogo ya Flash haikudhurika hivyo, kwani ilipokwisha kuteremshwa ilichezwa ndani ya mashine yenyewe; subira ilikuwa mwanzoni tu. Bahati mbaya Adobe ilikoma kuitunza Flash tarehe 31 Desemba 2020, na mingi katika michezo hiyo ingalipotea kama wasingalikuwapo wahifadhi kama wa Flashpoint na Internet Archive.

Anayetaka kuchagua mchezo, basi, asidanganywe na picha wala sifa zilizoandikwa mlangoni. Acheze dakika 5, ashindwe, kisha ajiulize ameuawa na nini. Akikosa jibu mara 3 mfululizo, afunge dirisha. Ama mchezo ni wa bahati uliojivika nguo za ustadi, ama mashine yake ni dhaifu, ama seva iko mbali. Atazame pia kinachofuata baada ya kifo. Ikiwa mchezaji huambiwa atazame tangazo la biashara ndipo afufuke pale alipoangukia, au alipe ili nyoka wake awe na nguvu kuliko wa wenzake, hakimu huyo ameshapokea rushwa, na hapana alama itakayopatikana humo yenye maana.

Wala si haki kuuficha upungufu wa michezo iliyo bora. Uadilifu wake ni rahisi, kwa sababu hakuna kinachopotea isipokuwa wakati, na wakati hauhesabiwi pembeni mwa kioo pamoja na alama. Mwanafunzi mwenye madirisha mawili hakimbii kazi kama adhaniwavyo. Aghalabu hukimbia ukimya. Sura yake ya tatu haimwambii amekosea wapi, na msimamizi ataisoma mwezi ujao akipata nafasi. Dinosaria humjibu papo hapo. Mwalimu apitaye nyuma yake na kukunja uso, huenda mkobani mwake mna kurasa alizokabidhiwa wiki 6 zilizopita, na kalamu nyekundu haijazigusa.