Hodi ya Miaka Mia Tatu

Kitabu kilichonikutanisha na George Herbert hakikuwa na jalada. Nilipewa mwaka 1989 na fundi mmoja wa saa aliyekuwa na kijimeza chake Ng'ambo, mjini Unguja, nami ni kijana niliyeyaacha masomo njiani nikajitia kujifunza Kiingereza kwa kusoma chochote kilichopita mbele yangu. Fundi yule alikuwa mzee wa kutoka Masasi, Mkristo wa Kianglikana. Kila Jumapili ungemwona na shati lake jeupe akielekea kanisani Mkunazini. Kitabu kilikuwa diwani ya mashairi ya Kiingereza ya kusomeshea shule, na kurasa zake za mwanzo zimeliwa na mchwa. "Chukua, mwanangu," aliniambia. "Macho niliyobakiwa nayo nayawekea saa za watu."

Shairi la Herbert lilikuwamo. Nililisoma, nikalielewa takriban lote bila ya kamusi, na kwa hivyo nikalidharau. Wakati ule nilidhani ushairi mkubwa ni ule unaomtoa msomaji jasho. Nikafunua ukurasa, nikaendelea mbele, na miaka ikapita mingi.

Herbert alizaliwa Wales mwaka 1593, katika ukoo wenye jina. Akasoma Cambridge, na mwaka 1620 akawa msemaji rasmi wa chuo kikuu kile, cheo ambacho aghalabu kilikuwa ngazi ya kupandia katika baraza za wafalme. Akaingia hata bungeni. Kisha, kwa sababu ambazo wataalamu wanazibishania hadi leo, akayapa mgongo yote hayo, na mwaka 1630 akawa kasisi wa Bemerton, kijiji kidogo karibu na Salisbury. Hakukaa huko hata miaka mitatu. Kifua kikuu kilimwua tarehe 1 Machi 1633, hajatimiza miaka arubaini. Katika uhai wake wote mashairi yake ya Kiingereza hayakuwahi kuchapwa.

Izaak Walton, aliyeandika maisha yake baadaye, anasimulia kwamba Herbert akiwa kitandani alimpelekea rafiki yake Nicholas Ferrar mswada wake kwa wasia wa namna hii: akiona kuwa maneno yale yanaweza kumfaa japo masikini mmoja aliyevunjika moyo, na ayachapishe, akiona hayafai, ayachome moto. Mimi ninayekaa na miswada yangu kabatini nikiilalamikia dunia kwamba hainijui, wasia huo hunitia haya. Ferrar hakuchoma. Kitabu kilitoka Cambridge mwaka ule ule wa 1633 kwa jina la The Temple, na shairi ninalolizungumza ndilo linaloifunga sehemu yake kuu.

Shairi lenyewe ni fupi: beti tatu za mishororo sita sita. Mgeni amefika mlangoni na anasita, kwa kuwa anajiona mchafu asiyestahiki kuingia. Mwenyeji, ambaye ndiye Upendo mwenyewe, anamwona anavyosita, anamsogelea, anamwuliza kwa upole amepungukiwa na nini. Wanajadiliana, mgeni akitoa udhuru na mwenyeji akiutengua. Mwisho mgeni anakaa kwenye chakula. Hakuna zaidi ya hayo. Mishororo mirefu na mifupi inapokezana, kama hatua za mtu anayesonga mbele kisha akarudi nyuma.

Waliopokea ni wengi, sitawataja wote. William Cowper, katika miaka ya 1750, akiwa kijana aliyezama katika huzuni, aliyasoma mashairi ya Herbert mchana kutwa na kupata nafuu ya kitambo, ingawa aliyaona magumu ya umbo. Ralph Vaughan Williams, ambaye hakuwa mtu wa kuamini, aliyatia muziki mashairi yake kadhaa mwaka 1911, na hili la mgeni ni mojawapo.

Lakini aliyenirudisha mimi kwenye kitabu kile kisicho na jalada ni Simone Weil. Huyu alizaliwa Paris mwaka 1909, katika nyumba ya Kiyahudi isiyoshika dini. Alisomesha falsafa, kisha mwaka 1934 akaiacha kazi hiyo kwa muda akaenda kufanya kazi viwandani pamoja na vibarua, na mwili wake dhaifu ukaumia. Alisumbuliwa na maumivu ya kichwa yasiyosikia dawa. Mwaka 1938, katika siku za Pasaka, alikwenda kwenye monasteri ya Solesmes, Ufaransa, kusikiliza nyimbo za watawa. Huko alikutana na kijana wa Kiingereza aliyemtajia washairi wa Uingereza wa karne ya 17. Ndipo alipolipata shairi la Herbert, akalihifadhi kwa moyo. Kila kichwa kilipomzidi alilisoma kimoyomoyo, akiyashikilia maneno kwa nguvu zake zote, akidhani anasoma shairi zuri tu. Alikuja kueleza katika barua aliyomwandikia Padre Perrin mwaka 1942 kwamba usomaji ule ulikuwa umekuwa sala bila ya yeye kujua, na kwamba katika mojawapo ya nyakati hizo Kristo mwenyewe alimshukia.

Tuhesabu: kutoka 1633 hadi 1938 ni miaka 305. Mtu anabisha hodi Bemerton, anafunguliwa Solesmes na mwanamke ambaye hakuwahi kusali, asiye wa taifa lake wala wa lugha yake.

Weil hata baada ya hapo hakukubali kubatizwa alipoandika barua ile; alijiona kuwa mahali pake ni kizingitini, pamoja na wote walioachwa nje. Alifariki Ashford, Uingereza, tarehe 24 Agosti 1943, na umri wake miaka 34. Alikuwa na kifua kikuu kama Herbert, na alikuwa akikataa kula zaidi ya kile alichoamini kuwa wenzake katika Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani walikuwa wakikipata. Aliyelipenda kuliko wengi shairi linaloishia mezani aliondoka duniani hali ameukataa mkono unaomlisha. Sithubutu kulifanya jambo hilo hikaya ya mafunzo. Nalitaja tu kwa kuwa liliniondolea usingizi.

Nikaazimia kulifasiri. Rafiki yangu mmoja wa barazani aliposikia akaniuliza, "Sasa ndugu yangu, na wewe na umri huu, umekosa la kufanya hata unahangaika na tungo za kanisani?" Nikamkumbusha kwamba W. E. Taylor, mmishenari wa Mombasa, aliifasiri Al-Inkishafi kwa Kiingereza, na kwamba William Hichens aliitoa tena London mwaka 1939. Sayyid Abdalla aliyalilia magofu ya Pate kwa imani yake ya Kiislamu, na Mkristo akayasikia machozi yale. Rafiki yangu akanywa kahawa yake, hakujibu.

Taabu ya kwanza ilikuwa ngeli. Upendo kwa sarufi yetu "unasema", lakini mwenyeji hawi kitu; mwenyeji "anasema". Na ukiandika "Upendo akasema", msomaji atadhani ni binti wa jirani. "Mahaba" yananukia udi na kumbi za taarabu. Mwishowe nikaandika "Mwenyeji", nikalificha jina lake hadi ubeti wa mwisho. Najua nimelinyima shairi neno lake la kwanza, na sijajisamehe.

Taabu ya pili ni ya itikadi. Katika ubeti wa tatu mwenyeji anamwuliza mgeni kama hajui ni nani aliyeibeba lawama. Hapo mimi na Herbert tunaachana njia. Dini yangu hainipeleki huko. Ningeweza kuulainisha mshororo ule na pengine asingenigundua mtu. Nimeuacha ulivyo. Mfasiri ni mgeni katika nyumba ya mwenziwe, na mgeni hapangui vyombo.

Lililonishika zaidi ni pale mgeni anapoomba ruhusa atumike. Sisi tuna methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Herbert anajiombea jembe mwenyewe siku ya kwanza, apate kukilipia chakula kabla hajakionja. Na mwenyeji hampi.

Nilipofika hapo kalamu ilisimama, kwa kuwa nilikumbuka Krismasi ya mwaka ule wa 1989. Fundi wa saa alinialika kwake. Alikaa peke yake chumba kimoja, na alikuwa amenunua kuku kwa jirani Mwislamu, akamwomba amchinjie, ili nisiwe na la kushuku. Yote hayo alinieleza kabla sijauliza. Nami nilisimama mlangoni, nikaona mkeka, sahani mbili, na wali uliofunikwa kawa, nikaona haya nisiyoweza kuieleza: nilimwonea haya yeye kwa umasikini wake, na nikawaogopa watakaoniona nikitoka. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, nimepita kukuamkia tu. Nimeshakula nyumbani." Ulikuwa uongo. Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

"Marahaba," alisema. Akalirudisha kawa juu ya wali. "Basi nakuwekea, mwanangu. Ukipita jioni utakikuta."

Sikupita. Mwaka uliofuata alirejea kwao Masasi, na habari za kifo chake nilizipata kwa abiria wa jahazi. Tafsiri yangu nimeshaiandika upya mara saba. Kitabu kisicho na jalada ninacho bado, na baina ya kurasa zake, penye shairi la Herbert, kuna kipande cha karatasi ya bahasha alichokitia mwenyewe kuonyesha alipofikia.