Baisikeli ya Marehemu Baba

Wakati wa likizo ya Desemba nalikwenda kwetu, upande wa Muheza, kumsaidia mama kubomoa banda la kale lililo nyuma ya jiko, maana mchwa walikuwa wamekwisha kuila miti yake. Mdogo wangu naye alikuwapo. Tulipokuwa tukitoa makuti na magunia matupu, tukaona usukani. Na chini yake, imeegemea ukuta, baisikeli ya marehemu baba yetu.

Wasomaji wapenzi, msinicheke nikisema kwamba magoti yalinilegea. Ni Raleigh, ya zile nyeusi ndefu zilizofanyizwa katika mji wa Nottingham, Uingereza, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 2002. Magurudumu yake ni ya inchi 28, na breki zake si za waya, bali ni fito za chuma zishukazo kutoka usukani hata kwenye rimu. Mbele pangali na kibati chenye kichwa cha ndege mwenye shingo ndefu; utotoni twalibishana sana kama ni korongo au bata. Tandiko la ngozi panya wamelila, zimebaki springi tu.

Baba naye alikuwa mwalimu, na shule yake ilikuwa mbali. Kila Jumamosi aliipindua baisikeli, magurudumu juu, akapaka mnyororo mafuta, kisha akazigonga njiti moja moja kwa ukucha akisikiliza mlio wake, apate kujua ipi imelegea. Kazi yangu ilikuwa kushika kopo la mafuta, nami nalijiona mtu mkubwa. Kuipanda, hata! Hakuna aliyethubutu.

Basi mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa za El Nino, njia yetu ilikuwa imechimbika makorongo. Siku moja baba na mama walikwenda mazishini kwa miguu, nami nikaitoa. Nalikuwa na miaka kumi, wala miguu yangu haikufika. Nikapitisha mguu mmoja katikati ya fremu, kama wafanyavyo watoto wote wa vijijini, mwili umening'inia upande mmoja, nikashuka nayo mlimani. Rimu zilikuwa zimelowa, breki hazikushika. Nikaingia korongoni pamoja nayo.

Goti likachubuka, lakini si neno. Foko ya mbele, ile inayoshika gurudumu, ilikuwa imepinda. Mdogo wangu, ambaye hata miaka saba hajatimiza, akanisaidia kuipangusa matope. Baba aliporudi akauliza ni nani, mimi nikanyamaza. Akatazama mikono yetu. Yangu nalikuwa nimekwisha kuinawa. Ya mdogo wangu ilikuwa na grisi. Akachapwa yeye, nami nimesimama mlangoni.

Tangu siku ile mpaka mwisho wa mwezi, ilipopatikana fedha ya fundi, baba alikwenda shuleni kwa miguu, akitoka kabla ya jogoo wa pili. Foko ilitiwa motoni ikanyoshwa, ila haikurudi sawasawa. Baisikeli ikawa daima yavuta kushoto.

“Kaka,” mdogo wangu akasema pale bandani, “wanunuzi wa vyuma chakavu hupita huku. Wataichukua kwa kilo.”

Nikamwambia angoje. Kisha, mkono wangu ukiwa juu ya foko ile, nikamweleza habari yote. Nalikuwa nimejiweka tayari kwa hasira yake. Akacheka. Kuchapwa hakukumbuki kabisa. Akumbukalo ni kwamba juma lile baba alirudi na muwa mrefu begani, akampa yeye peke yake. “Nawe, kaka, hukuniomba hata pingili. Nalistaajabu sana.”

Mama alikuwa akipepeta mchele karibu nasi. Hakuinua macho.

“Ule muwa mwadhani ulikuwa wa nini? Kesho yake tu aliliona goti lako, mwanangu. Akasema, ‘Nitamngoja aniambie mwenyewe.’”

Baba alifariki mwaka 2011. Miaka kumi na mitatu alikaa akiningoja, nami nalikuwa nikila naye sahani moja.

Baisikeli iko kwa fundi. Tairi za inchi 28 zimepatikana, na mnyororo pia. Tandiko la ngozi ndilo lililotushinda. Mdogo wangu asema tutie la plastiki, mimi nakataa, na mpaka leo twabishana.