The African Queen Sebuleni Kwetu Kigoma

Filamu ya The African Queen ilitufikia Kigoma kwa boti kutoka Bujumbura, haina rangi na inaongea Kifaransa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo aliyenunua runinga zamani zile aliinunua kwa ajili ya deki. Kanda za Kifaransa zilirekodiwa kwa mfumo wa SECAM, na deki iliyokuwa nyumbani ilikuwa ya PAL. Ukichanganya viwili hivyo sauti inatoka vizuri, lakini picha inabaki nyeusi na nyeupe. Sisi hatukuyajua hayo. Tuliamini ni picha ya kale sana, kabla rangi hazijaanza, na tuliitazama kwa heshima ya vitu vya kale.

Baba mdogo, ambaye alikuwa amefanya kazi Burundi kwa muda mrefu, ndiye aliyetafsiri. Alikaa kwenye mkeka karibu na deki, akawa anasimamisha mkanda kila maneno yalipomzidi kasi. Swali la kwanza la watoto lilikuwa lilelile la kila picha: stelingi ni nani? Alipomwonyesha Humphrey Bogart, ndevu hazijanyolewa, kofia imechakaa, mkononi chupa, sebule nzima ilikataa.

"Huyu mlevi?"

"Ndiye huyo. Subirini."

Hadithi yenyewe inaanza Septemba 1914, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Rose Sayer, aliyeigizwa na Katharine Hepburn, anaishi na kaka yake mmisionari kijijini. Vita inafika, kijiji kinachomwa moto, kaka anafariki. Charlie Allnut, ambaye kazi yake ni kupeleka barua na mizigo kwa boti kuukuu ya mvuke, anamchukua Rose. Charlie anataka kujificha hadi vita iishe. Rose anataka washuke mto hadi ziwani wakailipue kwa topido meli ya Wajerumani, Louisa. Tangu hapo, yule mama aliyelelewa kanisani ndiye nahodha, ingawa usukani wanashika wote wawili.

Maoni ya sebuleni yaligawanyika siku hiyohiyo, na mgawanyiko ulianzia kwenye pombe. Rose anachukua chupa za Charlie, anazimimina mtoni moja baada ya nyingine, taratibu, bila kumtazama, na chupa tupu zinaelea nyuma ya boti. Wanaume waliguna. Mama akasema, "Afadhali. Mwanamume akilewa kwenye maporomoko, wanakufa wote wawili." Shangazi aliona jambo jingine kabisa. Yeye aliguswa kwamba hawa hawakuwa vijana. Bogart alikuwa na miaka 51 walipopiga picha ile, Hepburn 44, na nyuso zao hazikuficha umri. Picha za mapenzi tulizozizoea zilikuwa za wasichana na wavulana. Shangazi alikuwa mjane, na aliuomba ule mkanda tena na tena.

Kwenye ruba hakukuwa na ubishi. Charlie anashuka majini kuivuta boti kwenye matete, anapanda akiwa amejaa ruba mgongoni, Rose anawamwagia chumvi. Halafu boti haisogei, na wote wawili wanajua lazima arudi majini. Kimya chake kabla ya kushuka mara ya pili ndicho kilichomfanya awe stelingi machoni petu. Waliolima mpunga bondeni walijikuna miguu.

Mtazamaji aliyeibadilisha picha hii kabisa alikuwa mzee wa jirani, fundi mstaafu wa mitambo aliyefanya kazi ndani ya meli ya Liemba. Aliomba mkanda urudishwe nyuma pale Charlie anapoupiga teke mtambo wa boti. Baba mdogo akaeleza: bisibisi ilidondokea kwenye vali ya usalama, sasa mvuke ukizidi Charlie anapiga teke badala ya kuitoa. Mzee akatikisa kichwa. "Vali ya usalama haina mchezo, mwanangu. Hapo hakuna safari, kuna msiba." Aliposikia mto unaitwa Ulanga, akatikisa tena. Ulanga anaoujua yeye uko Morogoro, unakwenda kuungana na Luwegu kuwa Rufiji, na Rufiji inaishia Bahari ya Hindi. Hauna ziwa la kwenda.

Lakini meli ya Louisa aliitambua. Si kwa umbo. Kwa habari yake. Akatusimulia tuliyokuwa tukiyasikia vipandevipande: meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaja Dar es Salaam ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikapanda reli hadi Kigoma na kuungwa upya. Ikaingia ziwani 1915. Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia Kongo, zikavutwa na watu, ng'ombe na mitambo ya mvuke juu ya milima ya Mitumba. Zikaiteka Kingani Desemba 1915, zikaizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Götzen hazikuigusa. "Hii hakuna aliyeipiga topido," mzee alisema. "Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, na kabla ya hapo mitambo waliipaka grisi, kwa sababu walitarajia kurudi." Waingereza waliiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Grisi ile mzee aliisema kwa sauti ya fundi anayemsifu fundi mwenzake.

Baada ya hapo hakuna aliyeitazama picha ile sebuleni kwetu kama hadithi ya ugenini.

Miaka mingi baadaye nilisoma riwaya ya C. S. Forester ya 1935 nikagundua kwamba mwandishi alikuwa karibu zaidi na historia kuliko filamu. Kitabuni boti ya Charlie inazama bila kufanya kitu, na boti za Waingereza ndizo zinazoimaliza meli ya Wajerumani. Mwongozaji John Huston ndiye aliyewapa wapenzi ushindi. Alifanya vyema, kwa maoni yangu. Watu waliovuka maporomoko yale hawakustahili kushindwa.

Halafu ikaja diski ya 2010. Marekani walikuwa wameisubiri kwenye DVD miaka mingi, maana kanda asili zilihitaji matengenezo makubwa. Technicolor ya wakati ule ilirekodi kwenye filamu tatu kwa mara moja, kila moja na sehemu yake ya rangi, na mafundi walizirudia zile tatu za mwanzo wakazipanga upya zikaoana. Tulipoiweka kwa mara ya kwanza, shangazi alisimama. Mto Ruiki wa Kongo, karibu na Ubundu, una maji meusi kama chai iliyokolea; msitu una kijani cha aina nyingi; shingo ya Bogart imeungua jua. Tulielezwa pia siri za upigaji picha: matukio ya ndani ya maji yalifanywa studio London, Hepburn aliugua vibaya kwa maji ya kunywa, na Bogart na Huston, ambao walishikilia wiski, walibaki wazima. Wanaume wa sebuleni walilipokea hilo kwa furaha kubwa. Ruba wa studio hawakuniharibia kitu. Uso wa Bogart kabla ya kurudi majini haukutengenezwa na maji wala ruba, na Oskari yake pekee aliipata kwa kazi hii.

Jambo zito lililoletwa na rangi lilikuwa mwanzoni, kanisani. Kwenye mkanda wa Bujumbura waumini walikuwa kiza tu, sauti bila watu. Sasa kila uso unaonekana: mama mwenye mtoto, mzee anayetafuta tuni ya wimbo asioujua, vijana wanaokimbilia kipisi cha sigara alichokitupa Charlie. Muda mfupi baadaye askari wanachoma nyumba zao, wanawaswaga, basi. Binti wa dada yangu aliuliza, "Mjomba, hawa walipelekwa wapi?" Baba mdogo alikuwepo, na safari hii hakuwa na la kutafsiri. Filamu inamlilia mmisionari mmoja na haiwarudii watu wa kijiji hata kwa sentensi. Vita ile ilichukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi hawakurudi, na koo nyingi za mkoa wetu zinawajua waliopotea kwa majina.

Naipenda filamu hii, na kwa sasa siwezi kuitetea pale. Shangazi anaitetea. Anasema Rose na Charlie wanaposimama juu ya Louisa, kamba za kunyongwa ziko tayari, na Charlie anaomba nahodha awafungishe ndoa kwanza, hakuna picha nyingine iliyomwonyesha mapenzi ya watu wazima namna ile. Binti wa dada anamjibu kwamba anakubali, lakini kijiji kiko palepale mwanzoni mwa diski. Tukiiweka sikukuu, shangazi anataka turuke hadi kwenye boti, na binti anashika rimoti, anakataa kuruka. Mimi niko upande wa binti. Tunaanzia kanisani.