Biskuti za ndizi za Kehancha

Msomaji, ukitoka Migori kuelekea Isebania, usikimbilie mpakani. Kata kushoto uingie Kehancha, kwa Wakuria, ambako tumbaku imeleta fedha miaka mingi na kula miti mingi kwa kuni za kuikaushia.

Mama aliyenikaribisha ameing'oa yake, akapanda migomba. Alinikabidhi panga tukate mkungu ulioanza kuivia shambani, kabla ndege hawajaumaliza. (Usivae shati jeupe. Utomvu wa mgomba hautoki!)

Ponda ndizi 2, utie siagi nusu kikombe, sukari robo, unga vikombe 2 na kijiko kidogo cha bekingi pauda. Huna jiko la stima? Hata yeye hana. Tandaza mchanga mkavu katika sufuria kubwa, weka juu yake sahani ya bati yenye biskuti, ufunike. Makaa machache yawe chini, mengi juu ya kifuniko. Ngoja dakika 20.

Tumbaku ilimlipia karo kwa mkupuo. Ndizi hulipa kidogo kidogo, na shule haipendi kidogo kidogo. Kwa hiyo biskuti nyingi huenda sokoni. Mimi nilipewa nne.