Picha za Mtoto, Sehemu ya 4: Usiku umeme hafifu, lenzi gani?

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, nimepika, sasa nimekaa. Wiki iliyopita niliwaandikia kuhusu kumpiga mtoto picha kwa mwanga wa dirishani, na swali lililojirudia lilikuwa moja: "Dada nesi, mchana sawa, usiku je? Picha zangu zote zimetikisika." Leo najibu hilo. Ni refu, kwa hiyo soma ukiwa unanyonyesha.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilipojifungua mtoto wa pili, mama yangu alikuja kutoka Tanga kunilea. Si mnajua mambo ya uzazi: maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga, na hata ufagio huruhusiwi kugusa. Usiku mmoja, mtoto ana siku tisa, umeme ukakatika. Mama akamchukua mjukuu wake, akakaa naye ukingoni mwa kitanda, taa ya chaji iko juu ya kabati, akawa anamwimbia polepole. Mkono mmoja chini ya kichwa, mwingine chini ya makalio. Nikakimbilia kamera ya baba watoto, Canon 1300D yenye lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo boksini.

Nilipiga picha 34. Bila flashi, zote zimetikisika: uso wa mama umekuwa nyuso mbili, mkono wa mtoto kama moshi. Nikawasha flashi: ukuta mweupee, paji la uso la mama linang'aa kama limepakwa mafuta, mtoto kashtuka analia, na ule mwanga wa taa niliokuwa nautaka umepotea kabisa. Nikajisemea, haya, nitapiga kesho.

Kesho ikawa wiki ijayo, wiki ijayo mama akarudi Tanga. Miezi mitano baadaye akapata kiharusi. Yuko hai, namshukuru Mungu. Anatembea na fimbo, na kila Jumapili ananipigia simu kuuliza wajukuu wamekula nini. Lakini mkono wa kushoto haukurudi. Ile picha ya mama kambeba mwanangu kwa mikono miwili haitapigwa tena. Ninayo ya moshi tu.

Basi nikaamini kamera yetu ni mbovu. Zamu yangu ya upatu ilipofika nikataka kuitia hela yote kwenye kamera mpya. Aliyenizuia ni kijana mmoja anayepiga picha za harusi. Alizitazama zile 34 akasema, "Dada, kamera haina kosa. Badilisha lenzi."

Sasa sikia alivyonieleza, nami nakueleza kinesi.

Mtu akigonga kichwa akaletwa hospitali, tunammulika machoni kwa tochi. Tunaangalia mboni: gizani hupanuka, kwenye mwanga husinyaa. Lenzi nayo ina mboni yake, ni tundu la kupitishia mwanga. Ukubwa wa tundu hilo huandikwa kwa herufi f na namba, na hapa ndipo wengi tunachanganyikiwa: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. f/1.8 ni tundu kubwa, f/5.6 ni tundu dogo.

Lenzi ya boksini ya 18-55 ina zumu, na ukiivuta mpaka mwisho tundu lake haliwezi kupanuka kupita f/5.6. Lenzi yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Mara kumi, mama! Maana yake ni hii: pale ambapo kamera yangu ililazimika kufungua jicho kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde (1/10), ingetosha kufungua kwa 1/100. Kwa 1/10 mtoto anayepunga mkono ni moshi. Kwa 1/100, akiwa ametulia kwa bibi yake, anatoka.

Na usidanganyike na kile kitulizaji cha mtikisiko kilichomo kwenye baadhi ya lenzi za zumu. Kinatuliza mkono wako wewe mpiga picha. Mkono wa mtoto hakiuwezi.

Lenzi ninayoizungumzia haina zumu. Wapiga picha huiita praimu. Ukitaka mtu aonekane mkubwa, unasogea kwa miguu yako. Kwa kuwa haina zumu, ndani ina vioo vichache, na ndiyo maana inaweza kuwa nyepesi, ya bei ya chini, na bado ikawa na tundu kubwa. Canon 50mm f/1.8 STM ina uzito wa gramu 160 tu, pungufu ya pakiti ya robo kilo ya sukari. Mimi yangu nilinunua iliyotumika kwa shilingi 230,000. Bei hupanda na kushuka, ulizia kwanza, lakini elewa kwamba haifanani kabisa na bei ya kamera mpya.

Sasa, uchukue 50 au 35? Hapa usifuate mkumbo. Pima chumba chako.

Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo kuliko ile ya filamu ya zamani, kwa hiyo lenzi ya 50 huonekana kama imevuta karibu zaidi. Kwenye kamera kama yangu, ukisimama mita 2 kutoka kwa mtoto, lenzi ya 50 inaona eneo la takribani sentimita 90 kwa 60. Hapo unapata mtoto mchanga na kifua na uso wa aliyembeba. Kitanda hupati. Lenzi ya 35 kwa umbali uleule inaona kama mita 1 na robo kwa sentimita 85. Unapata bibi, mtoto, na kipande cha chumba.

Chumba chako kikiwa cha futi 10 kwa 10 na kitanda kimekula nusu, 50 itakubana, mgongo utagota ukutani. Ukiwa na sebule, au unapenda uso na vidole, 50 ni nzuri sana. Jaribio la bure: chukua lenzi yako ya zumu, iweke kwenye 35, ibandike selotepu isizunguke, piga picha siku nzima ndani. Kesho yake iweke kwenye 50, fanya hivyohivyo. Namba ambayo haikukulazimisha kupanda kitandani ndiyo yako.

Wenye Nikon, msome hapa kwa makini, maana kuna mtego. Kamera ndogo za Nikon, zile za D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukinunua lenzi ya zamani ya 50mm f/1.8D, itaingia vizuri, itapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono kila picha. Na mtoto hakusubiri. Tafuta lenzi yenye maandishi AF-S. Kwa nyumba zetu nyingi ile AF-S DX 35mm f/1.8G ndiyo inayofaa, ina uzito wa gramu 200, na unaweza kumsogelea mtoto mpaka sentimita 30.

Wenye Canon, kuna ile 50mm ya zamani iliyoandikwa II. Inafanya kazi na fokasi yake inajiendesha, ila shingo yake ni ya plastiki na inalia kama nyuki. Ukiwa na mtoto mwenye usingizi mwepesi, STM ni tulivu zaidi. Na chumba kikiwa kidogo sana kuna Canon 24mm f/2.8 STM, bapa kama chapati. Tundu lake ni dogo kuliko f/1.8, kwa hiyo utahitaji taa zaidi kidogo, lakini utapata nafasi.

Ukienda Kariakoo au popote kununua iliyotumika, nenda na kamera yako. Usinunue lenzi ambayo hujaifunga kwenye kamera yako mwenyewe. Washa tochi ya simu, mulika upande wa nyuma, chungulia mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, ni fangasi. Sisi wa pwani tunaijua, joto na unyevu ndiyo chakula chake. Achana nayo hata kama muuzaji anakuapia. Kisha piga picha tano za kitu cha karibu na tano za kitu cha mbali, uone kama fokasi inashika. Ukifika nyumbani, usiifungie kabatini kwenye mfuko wa nguo wenye unyevu. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Haya, umenunua. Usiku wa kwanza fanya hivi:

Zungusha kitufe cha juu kwenye Av kama ni Canon, A kama ni Nikon. Weka f/2. Weka ISO 1600. Picha itakuwa na chengachenga kidogo, vumilia. Chenga unaweza kuishi nazo, moshi haufutiki. Angalia kasi: mtoto amelala, 1/80 inatosha. Yuko macho anarusha mikono, tafuta 1/160 au zaidi. Anatambaa, anza na 1/250. Kasi haifiki? Panda ISO 3200, au sogeza taa. Taa iwe pembeni ya mtoto, isiwe juu ya kichwa chake moja kwa moja.

Halafu kuna gharama ya tundu kubwa, lazima niseme. Ukiwa na lenzi ya 50 kwa f/1.8, umbali wa mita moja, sehemu inayotoka safi ina kina cha sentimita 2 au 3 tu. Jicho safi, sikio lina ukungu. Picha zangu za kwanza 20 zilikuwa na pua safi na macho yamelala. Nilidhani nimeuziwa mbovu! Dawa ni kuchagua kile kinukta cha fokasi mwenyewe na kukiweka kwenye jicho lililo karibu nawe. Wakiwa wawili, bibi na mjukuu, walete nyuso zao zilingane umbali, au punguza tundu mpaka f/2.8.

Kuhusu flashi, mnaniuliza sana kama inapofusha mtoto mchanga. Flashi ya kawaida ya picha haimpofushi. Inamshtua, inamwamsha, na inaua mwanga wa chumba, hiyo ndiyo sababu yangu ya kuiacha. Lakini kuna kitu kimoja nawaomba kama nesi. Kwenye picha za flashi macho mekundu ni kawaida. Ukiona mboni ya jicho moja ni nyeupe au ya njano, na inajirudia kwenye picha nyingine, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke mtoto hospitali akaangaliwe macho, na hiyo picha uwaoneshe. Mara nyingi ni pembe tu ya mwanga, lakini inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho, na zote zinahitaji kuwahiwa.

Na kama huna kamera, una simu tu, usikope hela ya kamera kwa sababu ya post yangu. Sogeza taa, egemeza viwiko mezani, piga wakati mtoto ametulia. Usiku ule wangu, hata kusogeza ile taa ya chaji kutoka juu ya kabati hadi kwenye stuli ya pembeni kungenisaidia. Sikuwaza.

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga na lenzi yangu. Mwanangu sasa ana mwaka na nusu, hambebeki tena kirahisi hata kwa wenye mikono miwili. Jioni mama alikaa kwenye mkeka kibarazani, taa moja ya ukutani, mtoto akaja mwenyewe akajilaza upande wa kulia, kwenye mkono unaofanya kazi. Ule wa kushoto mtoto aliuchukua yeye akauweka juu ya tumbo lake, kama anavyofanya na kila kitu anachokiona kimelala tu. Mama akacheka. f/2, ISO 3200, 1/125. Picha imetoka. Ina chenga.

Nimezisafisha zote mbili, hiyo na ile ya moshi, nimezitundika ukuta mmoja.

Sehemu ya 5 nitaandika jinsi ya kuhifadhi picha zisipotee simu ikiibiwa. Wewe ambaye bibi au babu yuko nyumbani kwako usiku huu, ahirisha vyombo, kasogeze taa.