MWANGA UPO, NI JICHO LAKO HALIUONI



Chukua rimoti ya televisheni hapo nyumbani. Igeuze uso wako uone kile kitaa kidogo cha LED kilicho mbele, kisha ubonyeze kitufe chochote. Umeona nini? Hujaona kitu. Lakini mwanga umetoka, tena umebeba ujumbe mzima.

Jicho la binadamu huona mwanga wa kuanzia nanomita 380 hivi hadi 750. Rimoti nyingi hutoa mwanga wa nanomita 940 hivi, ule unaoitwa infraredi. Upo nje ya mpaka wa jicho lako. Mwaka 1800 kule Uingereza, William Herschel alitawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akapima joto la kila rangi kwa kipimajoto. Alipoweka kipimajoto kingine kando ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote, kikapanda kuliko vingine. Jicho lilisema hapana kitu. Kipimajoto kikasema kipo.

Sasa nisikilize, maana jambo hili limetufikia karibu.

Kuna mama mmoja, mshirika wetu, alipata kiharusi. Upande wa kulia ukapooza na maneno yakapotea. Familia imeniruhusu nikueleze. Kitu kimoja alichobaki akijifanyia mwenyewe ni kushika rimoti kwa mkono wa kushoto na kubadilisha stesheni. Baadaye televisheni ikaacha kumtii. Anabonyeza kutoka kwenye kiti chake, kimya. Kijana wake anaichukua, anasimama karibu na televisheni, anabonyeza, inakubali. Basi nyumba nzima ikaamua, tena wakisema mbele yake: "Mama amesahau hata kubonyeza. Akili imekwenda." Rimoti ikawekwa juu ya kabati.

Tulipomtembelea, tulikuwa na kijana wetu wa mitambo ya sauti kanisani. Kazi yake ni fundi wa vyombo vya umeme. Alisikia maneno hayo, hakubishana na mtu. Kesho yake alirudi na oskiloskopu ndogo, mashine inayochora umeme kwenye skrini ili uone unavyopanda na kushuka kwa wakati.

Oskiloskopu haioni mwanga. Inahitaji jicho, na jicho hilo ni fotodayodi, kidude kidogo kinachogeuza mwanga kuwa mkondo wa umeme. Aliiunganisha na betri, nguzo zikiwa zimegeuzwa kinyume kama inavyotakiwa, akaweka rezista ya kiloomu 10, kisha akapima volti juu ya rezista hiyo. Nikamuuliza mbona asiweke rezista kubwa zaidi, alama ionekane kubwa. Akanijibu, "Mchungaji, ikizidi, alama inakuwa kubwa lakini fotodayodi inakuwa nzito kushuka. Mapigo yanashikana, huwezi kuyatenganisha." Mpendwa, kuna kusikia sauti, na kuna kupata maneno.

Kabla ya rimoti kuguswa, skrini ilikuwa tayari inacheza. Ilikuwa ni balbu ya sebuleni. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mwanga wa balbu hupanda na kushuka mara 100. Ndiyo maana rimoti haiwaki tu na kutulia. Hupigapiga kama mara 38,000 kwa sekunde, ili televisheni iitambue katikati ya mwanga wa balbu na wa jua.

Akaiweka mashine isubiri, iukamate ujumbe mara tu unapoingia. Akamrudishia mama rimoti, akashikilia fotodayodi mbele yake. "Mama, bonyeza."

Mama akabonyeza.

Skrini ikajaa. Kwanza pigo refu la milisekunde 9, la kuamsha msikilizaji. Kisha kimya cha milisekunde 4.5. Kisha vipigo vifupi 32, kimoja baada ya kingine, na cha mwisho cha kufunga. Kimya kifupi baada ya kipigo ni sifuri, kimya kirefu ni moja. Fundi alituambia huo ni mtindo unaoitwa NEC, unaotumika kwenye rimoti nyingi. Ndani yake amri hutumwa mara mbili, mara ya pili ikiwa imegeuzwa kinyume, ili anayepokea ahakikishe hajakosea.

"Mama, shikilia, usiachie." Akashikilia. Zikaanza kuja alama fupi za kurudia, moja kila baada ya milisekunde 108 hivi. Alielewa alichoambiwa, na kidole chake kilikuwa imara. Kijana wake akabonyeza kwa umbali uleule. Mchoro ukawa uleule.

Basi ujumbe wa mama ulikuwa mzima. Fundi akaenda kwenye televisheni. Pale mbele, juu ya kijidirisha cha kupokea mwanga, palikuwa na utando wa vumbi na mafuta ya mapishi. Mwanga hupungua kwa umbali: ukienda mbali mara mbili, unabaki robo. Wa karibu aliweza kupenya uchafu ule. Wa mbali, kutoka kwenye kiti cha mgonjwa, hakuweza. Akachukua kitambaa chenye unyevu, akafuta.

Mama akabonyeza. Stesheni ikabadilika. Kijana wake akatoka nje, akakaa huko kwa muda.

Mpendwa, mama yule hakuwa amenyamaza. Alikuwa anasema kila siku. Uchafu ulikuwa upande wa kupokea.

Jaribu leo. Fungua kamera ya simu, hasa ile ya mbele, maana kamera nyingi za nyuma zina kichujio. Ielekeze kwenye kitaa cha rimoti na ubonyeze. Mara nyingi utaona mwanga wa zambarau ukimetameta. Hiyo itakuonyesha mwanga unatoka. Kama ujumbe ni mzima, hilo mwachie fundi mwenye mashine.

Kisha angalia nyumba yako. Ni nani ambaye mmemweka kando mkisema haelewi? Mzee anayerudia hadithi moja? Mtoto asiyeongea? Mgonjwa mnayemjadili kitandani kana kwamba hayupo? Kabla hujasema hasemi, futa kidirisha chako. Sogea karibu. Mpe muda. Muulize tena, umtazame.

Bwana akupe kupokea kile ambacho macho hayaoni.

Mtumie mwenzako anayemtunza mgonjwa nyumbani. Ubarikiwe.