Vanishi ya Mashua Yetu

Nyumbani mwetu tuna mashua ndogo ya mvule, tuliyoiunda kwa mikono yetu wenyewe ili tuvuke hori twendapo kufundisha ng'ambo. Tumeona vema kuwaarifu jinsi vanishi yake ilivyotuaibisha, msije mkatumbukia shimo lile lile.

Kazi ya mbao ilipokwisha, Noeli ilikuwa karibu, nasi tulitamani sana mashua ionekane iking'aa. Kwanza tuliipaka sifa, kama wazee wafanyavyo kwa vyombo vyao. Hata siku ya tatu tukatwaa kopo la vanishi, tukalitikisa, tukapaka nene, tena jioni, umande ukianguka. Kulipokucha tuliona malengelenge, na mikunjo, na weupe kama ukungu. Na mahali pengine palinata mkononi hata juma zima likapita.

Tukakasirika. Tukamwendea mwenye duka, tukamwambia mbele ya watu kwamba ametia mafuta ya taa katika vanishi yake. Yeye hakututukana. Alifungua kopo jingine la namna ile ile, akapaka kipande cha ubao mkavu, akatupa twende nacho. Siku ya pili kilikuwa kikavu, kinang'aa. Ndipo tulipojua ya kuwa kosa ni letu.

Basi tukaanza upya. Tuliikwangua mashua kwa kigae cha kioo mpaka mti ukaonekana, kwa maana vanishi haishiki juu ya mafuta. Tukaisugua kwa kitambaa chenye tapentaini, mara nyingi, mpaka kitambaa kikatoka safi. Tukaiosha kwa maji matamu kuondoa chumvi, tukaiacha kivulini siku nyingi, kwani maji yaliyofungiwa ndani ya mti hugeuka mvuke juani na kuiinua vanishi. Kisha tukapiga msasa, tukifuata nyuzi za mti.

Mkono wa kwanza tuliuchanganya na tapentaini nusu kwa nusu, upate kupenya. Mikono mitano iliyofuata ilikuwa myembamba, kila mmoja asubuhi, umande ukiisha kukauka. Na kati ya mmoja na mwingine tulingoja siku nzima, tukapitisha msasa mwepesi. Kopo hatukulitikisa tena, tulikoroga polepole, maana povu huzaa malengelenge. Na kwa kuwa jua huila vanishi, sasa mashua ikiwa pwani twaifunika kwa mikeka, na kila mwaka twaiongeza mkono mmoja au miwili.

Lakini kulikuwa na kazi ngumu kuliko kukwangua, nayo ni kurudi dukani. Tulimshtaki mtu yule mbele ya watu. Basi ilitupasa tumwombe radhi mbele ya watu. Tulikwenda saa ambayo duka limejaa, tukasema neno letu. Akatutazama kidogo, akauliza, "Je, mashua imekauka?" Tukasema, "Imekauka." Akatupa mkono.

Watoto wetu walikuwapo siku zote mbili. Twamwomba Mungu waisahau ile ya kwanza, na hii ya pili waikumbuke.